Kwa Mtani Aliyezipigia Makofi Nanii Zangu

Mtani wangu Mihayo,

Salamu sikupi. Hali yako siulizi, maana nimeshaambiwa. Mkeo, Mama Shija, alikuja juzi hapa Temeke kutoka huko Madale mlikokimbilia, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikaa kwenye kigoda changu, akanywa maji, akalia. Kasema miguu imekuvimba, kitandani hutoki, chakula hakipiti. Kasema kila ukizinduka unauliza, "Mtani wangu Mngoni kaja?" Unataka siku yako ikifika nije nikuzike kwa utani, kama desturi yetu sie inavyotaka, Mngoni na Mnyamwezi wake. Na neno alilomalizia nalo ni hili: "Mwenyewe anasema yale yote yalikuwa utani tu."

Utani tu. Haya, tumesikia.

Mama Shija sina ugomvi naye. Nilimfungia mihogo ya shambani kwangu Chanika, nikamsindikiza mpaka penye basi. Jibu lako sikumpa abebe. Jibu ni hili hapa, na sikuandikii la siri, Mihayo. Ulilonifanyia hukunifanyia uani. Ulinifanyia mbele ya mtaa mzima, kwa hiyo na mie nimemwomba katibu wa tawi aibandike barua hii ubaoni pale, na asiyejua kusoma asomewe. Nakala nyingine ndiyo hiyo uliyoletewa. Mwambie mkeo akusomee polepole, asiruke kitu.

Unakumbuka siku tuliyojuana? Sie ndo kwanza tumehamia, nyumba imekandikwa upande mmoja tu, mlango ni gunia. Nimebandika maharage, nasikia mtu anauliza nje, "Hawa wageni watu wa wapi?" Mume wangu akajibu watu wa Songea. Loo! Uliingia bila hodi, ukaipua sufuria yangu ikichemka, ukatoka nayo barabarani ukiita watu waje waone Wangoni wanavyopika panya. Mie nimekushikia mwiko, nakuja kukupasua kichwa. Baba Osmunda kacheka mpaka kakaa chini. "Mwache, mama, mwache! Huyo mtani! Mpagazi wa Tabora huyo, hajui kupita penye mzigo asiubebe!" Jioni ulirudisha sufuria, na ndani yake kuku mzima.

Watoto wa siku hizi watakaosimama hapo ubaoni huenda hawajui, wacha niwaambie. Mtani haombi ruhusa. Anachukua kuku wako, anakutukana mbele ya wakwe zako, anakuambia huna sura, na wewe hukasiriki. Ukikasirika umevunja utani, na watu wote watakuona mtu wa ajabu. Kwenye msiba ndiyo kazi yake kubwa. Anamwigiza marehemu, anaingia kaburini anagoma kutoka mpaka apewe kitu, anawachekesha waliofiwa ili wasizimie kwa kulia. Sie wawili tulikuwa hivyo, na nilikupenda, Mihayo, sikatai. Ulikuwa ukipita asubuhi na baiskeli yako unakwenda kiwandani unanipigia kelele, "Mla panya, vitumbua vimeiva?" Siku usipopita, hata biashara niliiona haina chumvi.

Na mdomo wako! Mtaa mzima tulikuwa tunautegemea. Mkutano ukiitishwa, akija mgeni kutoka wilayani, ikitakiwa risala, ni wewe. Ulikuwa unasimama, unaweka mikono nyuma, maneno yanatoka yamepangwa kama matofali. Hukwami, hukohoi. Wazee walikuwa wakitikisa kichwa wanasema huyu angesoma angekuwa balozi Ulaya.

Mie nilizaliwa na nanii mdomoni. Tangu msichana nilikuwaga nikianza kusema, neno linanitoroka, na pale lilipotoka nazibia nanii. "Baba Osmunda, nanii, hebu niletee ile nanii nigeuzie nanii." Baba Osmunda hakunisahihisha hata siku moja. Alikuwa anajua nanii ipi ni mwiko na nanii ipi ni karai, ananyoosha mkono ananipa, mazungumzo yanaendelea. Nyumbani kwangu sikujua kama nina kilema.

Halafu likaja duka la ushirika. Azimio limepita, kila mtu ndugu, kila kitu chetu. Mtaa ukakuchagua wewe mwenyekiti wa kamati ya duka, ukamchagua mume wangu kuwa mtunza stoo. Nadhani unajua kwa nini walimchagua yeye. Mtu yule hata kipande cha sabuni kilichovunjika hakukileta nyumbani, na mie nafua kwa majani ya mpapai. Nilikuwa namsema, nakiri kweli, nikimwambia uaminifu wako utatutia upele. Anacheka, anakohoa. Kile kifua kilikuwa kimeshaanza.

Sasa tufike pale ambapo wewe hupataki. Sukari ya mwezi wa Ramadhani ilikuwa imeingia, na mtaa mzima unaihesabia uji wa futari. Baba Osmunda amelala mkekani, anakohoa damu, stoo hajaenda. Ukaja mchana, jua kali, mie natwanga mchele wangu wa vitumbua. Ukasema, "Mtani, nipe ufunguo wa stoo, wageni wa wilaya wanakuja kukagua, nikapange mambo." Nikaukung'uta mkono unga, nikautoa ufunguo kwenye msumari juu ya mlango, nikakupa. Mie, kwa mkono wangu huu. Ukaurudisha jua halijazama, ukaniambia nimenenepa kwa kula panya, ukaenda zako. Kesho yake stoo ilipofunguliwa, magunia ya sukari hayapo. Mlango haujavunjwa, kufuli zima.

Mkutano ulipoitishwa uwanjani pale shuleni, mume wangu alikuwa ameshalazwa hospitali. Wenye sukari yao wamekasirika, mfungo umekaribia, wanataka kichwa cha mtu. Mwenyekiti wa tawi akauliza nani anamsemea mtunza stoo. Nikasimama. Sikuwa na kitu kingine cha kusema zaidi ya neno moja, ufunguo. Ufunguo ulichukuliwa na Mihayo. Basi, nikae.

Nikaanza. "Ndugu mwenyekiti, nanii, siku ile, nanii, mume wangu alikuwa nanii..." Na wewe ulikuwa umekaa mbele kwenye benchi la kamati. Ukapiga kofi. Nikasema nanii tena, ukapiga tena, na uso unacheka. Waliokaa karibu na wewe wakadaka. Nanii, kofi! Nanii, kofi! Mara akina mama wa nyuma nao wamo, mmoja akatia na kigelegele, uwanja ukageuka ngoma. Mie jasho linanitoka, kadiri ninavyohofu ndivyo nanii zinavyomiminika, na nyie ndivyo mnavyozidi. Mwenyekiti wa tawi naye mwenyewe anacheka anafuta machozi. Mtu mmoja tu alisema, "Mwacheni mama aseme," na mwenyekiti akamjibu, "Watani hao, hebu waacheni."

Watani hao. Ningekasirika ningeonekana nimevunja utani. Ningecheka ningekuwa nimekubali. Nikakaa chini. Neno ufunguo halikutoka, Mihayo, na wewe peke yako uwanja ule ndiye uliyejua ni neno gani ulikuwa unalizuia. Wenzio walikuwa wanacheza ngoma. Wewe ulikuwa kazini.

Jina la mume wangu likawa Mwizi wa Sukari. Wakaacha kununua vitumbua vyangu, wanaulizana hiyo sukari inayotiwa humo imetoka wapi. Mwanangu Osmunda akienda bombani anatoka bila maji. Baba yake aliporudi kutoka hospitali hakuwa na uso wa kutoka barazani, anakaa ndani na joto lile, mlango umefungwa. Kitu alichoniuliza ni hiki tu: "Uliwaambia habari ya ufunguo?" Nikamwambia nilianza. Hakuniuliza tena. Alikufa mvua za vuli, na jina lile mgongoni.

Ukaja msibani. Bila shaka ungekuja, mtani haachi msiba. Nilidhani, Mungu anajua, nilidhani hapo utaona haya. Thubutu! Tumefika makaburini, padri kamaliza yake, watani mkapewa nafasi. Ukachukua gunia tupu, ukalijaza mchanga, ukaliweka begani, ukaanza kunyata pembeni ya kaburi unakohoa kama alivyokuwa anakohoa, unageuka nyuma unaangalia kama kuna anayekuona. Unamwiga mume wangu anaiba. Mchanga ukawa unamwagika, ukauonja kwa kidole, ukalamba, ukasema, "Tamu!"

Watu wakacheka. Ndugu zake waliotoka Songea wakacheka, desturi inataka. Na mie nikacheka. Mdomo wangu ulifunguka ukacheka, kwa sababu mjane asiyecheka kwa mtani analeta nuksi, ndivyo tulivyolelewa. Lakini nilikutazama, ukanitazama, na hapo ulijua. Ukashusha macho ukakung'uta gunia.

Wifi yangu alitaka tukupeleke kwa mganga, Mbagala kule. Alisema mtu yupo anayemvimbisha mtu tumbo. Nikakataa. Tumbo lako la nini mie? Nilitaka mdomo wako. Nilitaka siku moja, kwenye uwanja uleule, mdomo ule unaopanga maneno kama matofali ubomoke matofali yote, na watu walewale wawepo. Hayo ndiyo niliyolala nayo na kuamka nayo. Kwa kukuchukia wewe, niliweza kuamka kuchochea moto na kukaanga.

Ndipo nikaingia kisomo cha watu wazima, jioni, kwenye madarasa ya watoto, magoti yanagonga dawati. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Koku, mama wa Bukoba, mfupi, mkali, Kiswahili chake cha bara kimenyooka. Alikuwa anatusimamisha mmoja mmoja tueleze wenzetu kilimo bora, usafi wa choo, malezi ya watoto. Zamu yangu ilipofika nikamwambia mie nimekuja kujifunza kusoma, kusema siwezi, waulize mtaa mzima. Akasema, "Simama."

Nikasimama, nikamwaga nanii zangu. Darasa likaanza kucheka. Akawatazama mara moja tu, wakafyata. Kisha akaniambia neno ambalo sijaambiwa na mtu. "Mama Osmunda, wewe huogopi kusema. Unaogopa kunyamaza. Unadhani ukinyamaza kidogo watu watakunyang'anya zamu yako." Nikamuuliza sasa nifanyeje. "Neno likikupotea, funga mdomo. Bana ulimi juu, pumua kwa pua. Neno litakuja lenyewe, na watu watalingoja."

Rahisi kusema! Nilipofunga mdomo mara ya kwanza nilihisi nazama. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko barabara ya Pugu. Nikafungua mdomo, ikatoka nanii. "Rudia," kasema. Jioni zote hizo, rudia, rudia. Nyumbani nikamwambia Osmunda, mama yako akisema nanii usimpe kitu mpaka akitaje. Mtoto yule mgumu kama baba yake. Siku nyingine mafuta yanaungua jikoni, mie nimesimama nimefumba mdomo natafuta neno mwiko, na yeye ameushika mkononi ananitazama tu. Nikajifunza kwa vitumbua pia. Kitumbua hukigeuzi kabla hakijashika, utakichana. Unakingoja. Basi na neno nikawa nalingoja vilevile.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo panga la kukukata wewe liliponolewa. Kamba yangu ya kuanikia nguo ilipotea. Nikaenda kwa jirani yangu Mama Zuhura kumuuliza kama wanawe wameiona. Nikaanza, "Mama Zuhura, ile kamba yangu..." na neno la mbele likanitoroka. Nikafunga mdomo kama nilivyofundishwa. Namtazama, natafuta neno langu, sina nia nyingine yoyote. Mwenzangu kaanza kubabaika! Kashika khanga, kaachia, kasema, "Mwenzangu si nilitaka kuirudisha leo? Mbuzi alikata kamba yake ndo nikasema niazime tu." Khaa! Mie sikuwa hata nimemshuku.

Nilirudi nyumbani. Nilielewa kitu. Watu hawawezi kukaa na kimya. Ukiwawekea kimya mbele yao watakijaza, na wenye kitu moyoni watakijaza kwa hichohicho. Na nikamkumbuka mtu mmoja ambaye sijawahi kumwona amenyamaza maisha yake yote.

Sikufanya haraka. Nilikungoja ukue, Mihayo. Ukatoka kwenye kamati ya duka ukaingia tawini, na mwisho wakakuleta ugombee ukatibu wa kata. Uwanja uleule wa shule. Wagombea mnakaa mbele, mnajieleza, kisha wananchi wanauliza. Ulijieleza vizuri mno siku ile, nakupa haki yako. Uliongea habari za kupiga vita wanyonyaji na walanguzi, watu wakapiga makofi, makofi ya kweli. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali.

Nikanyoosha mkono. Watu wakageuka, nikasikia mtu anasema kwa chini, "Huyo Mama Nanii," na kicheko kidogo. Nikasimama. Nikabana ulimi juu. Nikapumua. Kisha nikasema, "Ndugu mwenyekiti, naitwa Filomena, mjane wa aliyekuwa mtunza stoo wa duka letu. Nina swali moja kwa mtani wangu. Siku sukari ilipopotea, ufunguo wa stoo ulikuwa kwa nani?"

Nikafunga mdomo.

Ulicheka. "Ala! Mtani, leo nanii umeziacha wapi?" Wachache wakacheka na wewe. Mie kimya. Ukapiga kofi moja, kunikumbusha ngoma yetu. Halikuitikiwa. Nakutazama tu. Watu wakaanza kunitazama mie, kisha wakakutazama wewe. Kunguru analia juu ya paa la darasa, anasikika kila mlio wake. Nilihisi nazama, kama siku ya kwanza kwa Mwalimu Koku. Neno nanii lilinijia mpaka kwenye meno, nikalimeza. Nikajiambia, Filomena, hili la ufunguo ndilo alilokuuliza Baba Osmunda, nanii usiifungulie mlango.

Ukasema, "Ufunguo si alikuwa nao mumeo?" Kimya. "Yaani, mtunza stoo si ndiye anayekaa na ufunguo, wananchi?" Kimya. "Ingawa, yaani, kweli siku ile alikuwa mgonjwa, kwa hiyo, mnajua tena mambo ya ofisi, mtu anaweza akapitia..." Ukakoma. Mwenyekiti wa tawi, yuleyule aliyecheka mpaka machozi, kasogeza kiti mbele. "Nani alipitia, Ndugu Mihayo?" Na mie bado nimesimama, sijasema kitu.

Ungenyamaza ungepona. Ungesema hukumbuki, ungekaa chini, ningefanya nini mie? Shahidi sina. Lakini huwezi, hujui, hukufundishwa. Mdomo wako ukaendelea peke yake. "Nilipitia mie, lakini si kwa ubaya ndugu zangu, yaani, shemeji yangu alikuwa na harusi Magomeni, wageni wengi, nikasema niazime, nitarudisha kabla ya mfungo, sasa yule, yaani, ile, ile nanii..."

Ukasema nanii. Wewe! Nilisikia kwa masikio yangu, na mtaa mzima ulisikia.

Nyuma kabisa kuna mtu akapiga kofi moja. Mpaka leo simjui, Mungu amzidishie. Ukasema nanii nyingine, yakaja makofi mengi. Ukageuka huku na huku unatafuta anayecheka na wewe, hakuna. Walikuwa wanapiga pamoja, polepole, bila kigelegele, na hakuna uso unaocheka. Uliondoka kabla mkutano haujafungwa. Mwenyekiti akasimama akatangaza mbele ya wote kwamba marehemu mume wangu hakuiba, na mtaa ulimkosea. Mama mmoja akaja akanishika mkono akaomba radhi. Nikamwambia asante, nikaenda nyumbani nikakaanga vitumbua, na vilikwisha vyote.

Nilifurahi, Mihayo. Usifikiri nitakuja kukwambia hapa kwamba kisasi hakina utamu. Kina utamu. Nilikula utamu ule wiki nzima, nikausikia mpaka kwenye vidole. Ulipohamia Madale na vitu vyako nilisimama mlangoni nikakutazama unafunga magodoro, na sikukutania mpagazi wala mzigo. Neno lilikuwepo tayari mdomoni, zuri kabisa. Nilikunyima.

Ila siku moja nilikwenda makaburini kumwambia mwenyewe. Nikasimama pale, nikamwambia Baba Osmunda, nimewaambia habari ya ufunguo, nimeimaliza. Udongo ule haujibu. Na pembeni ya kaburi, pale ulipokuwa ukinyata na gunia lako, nyasi zimeota. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira upya, nikaona kumbe deni la mkutanini nimekulipisha, lakini la makaburini bado. Ulisafisha jina lake mbele ya waliokuchekea uwanjani. Mbele yake yeye hukusema kitu. Ulichomwachia yeye ni ile "Tamu!"

Nitakwambia na jingine, kwa kuwa unakufa. Tangu uondoke hakuna anayeniita mla panya. Asubuhi nakaanga, watu wananunua, wananiamkia shikamoo mama, heshima tupu, sina wa kutukanana naye. Kuna siku nasikia baiskeli inapita nanyanyua kichwa. Ulinilia mume, ukanilia na mtani vilevile, maana mtani wangu ulikuwa wewe. Hilo nalo nimekuandikia humu humu, usiseme sikulihesabu.

Sasa jibu la mkeo. Unasema ulikuwa utani. Utani ni kunichukulia kuku, Mihayo, na kuniita mla panya. Utani unarudisha sufuria jioni. Jina la mume wangu ulilichukua ukakaa nalo.

Kama miguu ina nguvu japo ya kuburutwa, njoo. Mwambie mkeo akukodie gari, wanao wakubebe na kitanda chako. Njoo mpaka makaburini, usimame au ulale pale pembeni yake, umwambie yeye, kwa mdomo wako, nani alichukua ufunguo. Sitaki mkutano uwepo. Nitakuwepo mie na Osmunda. Ukimaliza, naapa kwa kichwa cha mwanangu, nitakutukana mimi matusi ambayo Tabora nzima haijawahi kuyasikia, na siku yako ikifika nitaingia kaburini mwako nigome kutoka mpaka wachinje ng'ombe.

Kama huji, basi nitakuja mie. Nitavaa khanga mpya. Watanipisha, maana mtani akifika makaburini anapewa nafasi yake. Watajipanga, watatabasamu kabla sijaanza. Wanao watafuta machozi waniangalie, wanangoja nimwigize baba yao, mikono nyuma, kifua mbele, ili nao wapumue kidogo. Mama Shija ataninong'oneza, "Sema, mtani." Na mie nitasimama pale ukingoni, nitabana ulimi juu, nitapumua kwa pua, nitafunga mdomo. Nitabaki hivyo mpaka koleo la mwisho. Nimeshajifunza, siwezi kuzama tena.

Na safari hiyo, Mihayo, kimya hicho hutakuwa na la kukijazia.

Mtani wako bado,
mjane wa Baba Osmunda